Nani Atamvuta Shangazi Opal?

Jumapili, 4 Oktoba

Wamempigia Nadine simu! Amealikwa Kettle Ridge, mashindano makubwa ya kuchoma nyama. Haya hayaombwi. Mtu anaalikwa au haalikwi. Marehemu baba mkwe aliisubiri simu hiyo mpaka akaingia kaburini, na leo wamempigia bintiye. Nadine alipokata simu alikaa kwenye kiti cha jikoni, akalia, akafuta macho kwa aproni, kisha akaniuliza kama nimekula. Huyo ndiye mke wangu. Texas nzima hakuna wa pili.

Sharti ni moja. Jiko liwe limefika uwanjani Ijumaa kabla ya saa sita mchana, nyama ikiwa bado mbichi, wakague. Ukichelewa, unarudi nyumbani na nyama yako.

Sasa swali. Nani atamvuta Shangazi Opal?

Shangazi Opal ndilo jiko lenyewe. Baba mkwe alilichomelea kwa mkono wake kutokana na bomba la kisima cha mafuta, chuma kinene kuliko kidole gumba, akalipandisha juu ya trela la ekseli mbili. Akalipa jina la shangazi yake, mama mmoja mnene, mkali, asiyesukumika. Hapa Pecan Fork anayevuta jiko ndiye anayeingia uwanjani mbele ya watu wote, kiwiko dirishani, mpishi pembeni yake. Nafasi hiyo ni ya mume. Halina mjadala hilo.

Mjadala umeanza baada ya kanisa. Garland, kaka yake Nadine, kasema jiko atavuta yeye, maana pikapu yake ina gia boksi yenye afya. Yenye afya! Mtu mzima anaongelea gia kama anaongelea kichanga. Nikamwambia aende akainyonyeshe.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimekaa saa nzima na Jenerali bandani. Namaanisha pikapu yangu. Sijui kama watu wanaelewa ni kitu gani tunacho. Unaweka gia mara moja asubuhi, basi. Hakuna klachi, hakuna kuhangaika. Mguu wako ukigusa mafuta yeye anajua. Sasa ya kwanza, sasa ya pili, sasa ya tatu, laini kama siagi kwenye mkate wa moto. Humo ndani kuna sahani na mikanda na vijia vya oili ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kunieleza nikaelewa, na vyote vinafanya kazi bila mtu kuvishukuru. Mimi navishukuru. Nimepigapiga boneti yake nikamwambia ahsante.

Na siri ya afya yake ninayo. Oili ya gia sijaibadilisha hata mara moja tangu nimnunue. Kila mwanamume wa kaunti hii anajua: gia boksi ikishazeeka na oili yake, wamekuwa mke na mume. Ule unga mweusi ndani ya oili ndio unaozifanya sahani zishikane. Ukimwaga oili ya zamani, ukitia mpya, gia zinaanza kuteleza. Mjomba wangu alibadilisha oili wiki moja, wiki iliyofuata pikapu ikafa. Garland anasema ilikuwa inakufa tayari, ndiyo maana mjomba akaamua kubadilisha. Garland haheshimu marehemu.

Jumanne, 6 Oktoba

Kifungua kinywa mgahawani. Garland kaingia na ule mchezo wake. Kachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia pale nje, kadondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya mezani, kaja nalo ndani, kalipitisha meza kwa meza kama picha ya mjukuu. Jekundu kama oili iliyotoka dukani leo. Linang'aa. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akavua kofia.

Nakiri kwenye shajara hii tu: lilikuwa zuri.

Garland kasema mbele ya watu, "Shemeji, na ya kwako je? Tuoneshe basi. Au imekuwa kahawa, tukuletee na maziwa?" Mgahawa mzima ukacheka. Mhudumu akacheka, na mimi ndiye ninayemwachia bakshishi.

Nadine kasikia habari kabla sijafika nyumbani. Kasema yeye hataki ugomvi wiki hii, ana chumvi na pilipili za kuchanganya. Kesho jioni kila mmoja wetu alete tone lake kwenye karatasi nyeupe. Lililo jekundu zaidi ndilo litakalomvuta Shangazi. Kwisha.

Nimekwenda bandani nikachomoa kijiti cha Jenerali. Tone ni la rangi ya molasi. Nikanusa. Kuna kaharufu fulani ka mkate ulioungua.

Ni harufu ya uzoefu.

Jumatano, 7 Oktoba

Mpango! Umenijia nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata.

Nimenunua chupa za oili mpya ya gia mji wa pili, ambako hawanijui. (Muuzaji alinijua. Ni binamu ya Garland. Nikamwambia ni za mashine ya kukata nyasi.) Jioni ikafika. Garland kaegesha mbele ya nyumba, injini inaunguruma, gia imeshapata moto vizuri kama inavyotakiwa kwenye kupima. Kachomoa kijiti, kadondosha. Jekundu kama juisi ya cheri.

Zamu yangu. Nikasema Jenerali hapimwi hadharani kama ng'ombe mnadani, yuko bandani, nakuja. Nikaingia. Nikafuta kijiti, nikakichovya kwenye chupa mpya, nikatoka nacho nimekiinua kama askari wa gwaride. Tone likaanguka karatasini. Mama wee! Likawa jekundu kuliko la Garland!

Garland akalitazama. Akaitazama karatasi upande wa pili. Akasema haiwezekani, haiwezekani hata kidogo. Nadine akakichukua kijiti, akakishika katikati ya vidole vyake kwa muda, mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Akanitazama.

"Haya," akasema. "Atavuta Royce."

Nimeshinda! Garland kaondoka bila kuaga. Nimelala chali kwenye nyasi nikicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nadine wa ajabu leo. Asubuhi kaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kulifanya kwenye gari kabla ya kesho. Nikasema nimeshaosha magurudumu. Mchana kaniuliza tena. Kasema duka la vipuri liko wazi mpaka jioni, na kama nataka kulala chini ya gari yeye atanishikia tochi, hata mikono ikichafuka. Kasema, "Sitauliza chochote, Royce. Nitashika tochi tu."

Mwanamke gani huyo! Ana nyama za kukata mafuta, ana maharage ya kuchagua, bado anataka kunishikia tochi. Nikambusu kwenye paji la uso nikamwambia asijisumbue, kila kitu kiko tayari. Akasimama hapo kidogo, halafu akarudi kwenye nyama zake.

Lakini mimi ni mtu wa misimamo. Nimeshasema oili ya Jenerali ni nyekundu, basi iwe nyekundu. Kuimwaga ya zamani siwezi, nimeshaeleza ni kwa nini. Kwa hiyo nimetia mpya juu ya ya zamani. Chupa ya kwanza: rangi haikubadilika. Ya pili: ikaanza kuwa kahawa nyepesi. Nikamalizia zote. Sasa ni chai ya rangi nzito. Kijiti kinaonesha oili imepita mstari wa juu, imepita sana, imefika karibu na pale pa kushikia. Vizuri. Kesho kuna Mlima Blanton, na gari likipanda linahitaji akiba.

Kuna mshale pia kwenye dashibodi unaoonesha joto la gia. Zamani niliuziba kwa stika ya pikiniki ya kanisa, maana ulikuwa unapanda panda ovyo na kutia watu wasiwasi. Nimekagua stika. Imeshika vizuri.

Ijumaa, 9 Oktoba

Naandika nikiwa nyumbani, mgongo unauma, moyo pia.

Tuliondoka mapema. Nadine pembeni yangu, vidari vya ng'ombe kwenye barafu nyuma ya kiti, Shangazi Opal nyuma yetu anameta. Garland kafuata na pikapu yake tupu. Kasema anakwenda tu kutazama mashindano. Anakuja kunitazama mimi, najua.

Tambarare yote Jenerali alikuwa mzuri ajabu. Nilimwambia Nadine asikilize. Akasema anasikiliza. Nikamwambia ahisi gia zinavyoingia. Akasema anahisi.

Mlima Blanton. Hapo chini Garland akapiga simu, Nadine akaiweka sauti kubwa.

"Shemeji, bonyeza kitufe cha mzigo."

Kitufe hicho kiko kwenye kila pikapu ya kuvutia. Ukikibonyeza gia hairukiruki, inashikilia ya chini, injini inanguruma kwa nguvu mpaka juu. Shida ni huko kunguruma. Watu wanaopita watadhani gari lako linateseka. Nikamjibu Garland kwamba kitufe ni cha magari yasiyo na akili, Jenerali anajichagulia mwenyewe.

"Royce, bonyeza," Nadine akasema.

Nikamwambia sikiliza tu, mama, sikiliza anavyofikiri. Na kweli alikuwa anafikiri. Ya tatu, ya nne. Ya tatu, ya nne. Ya tatu tena. Sijawahi kuona gari linafikiri kiasi hicho.

Katikati ya mlima moshi mweupe ukaanza. Mimi siuoni, uko nyuma. Nilichoona ni watu. Kila gari linalotupita linapiga honi, wanainua vidole gumba! Familia moja ikashusha kioo, watoto wananusa, baba akapaza sauti, "Inaiva lini, mzee?" Nikapunga mkono nikamwambia kesho! Kofia juu! Kiwiko dirishani! Sijawahi kupendwa hivyo na barabara nzima. Nikamwambia Nadine ona jinsi watu wanavyokupenda.

Nadine akasema jiko halijawashwa.

Hapo ndipo injini ilipopiga kelele na sisi tukasimama. Nakanyaga mafuta, injini inapanda mpaka juu, magurudumu hayana habari. Kisha tukaanza, pole pole kabisa, kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kilichofuata nitakisimulia mpaka nife. Nadine kafungua mlango, karuka, kakimbia mpaka kwenye trela, kachomoa magogo ya mwaloni ya kuchomea nyama, kayasukumiza nyuma ya magurudumu moja baada ya jingine, huku lori zinatupita kwa kishindo. Shangazi Opal akatulia. Na Nadine amevaa sketi ya kanisani!

Nikashuka. Chini ya Jenerali povu. Povu la rangi ya waridi, linatoka kwenye bomba la kijiti, linadondokea bomba la moto la moshi, linafuka. Harufu ya mkate ulioungua, safari hii duka zima la mikate.

Nikaanza kueleza. Nikasema muuzaji lazima kaniuzia oili mbovu. Nadine akaninyooshea kidole nikanyamaza.

"Kijiti kilikuwa baridi, Royce."

Nikauliza kijiti gani.

"Jumatano. Cha Garland kilikuwa cha moto. Chako kilikuwa baridi kama kijiko cha droo. Nilijua tangu nilipokishika."

Nikamuuliza sasa mbona alinichagua. Akatazama bonde kwanza.

"Nilitaka uwe wewe. Baba yangu hakufika kule. Nilitaka nifike na mume wangu, si na kaka yangu. Nikajua ukishachaguliwa utaona haya, utaibadilisha hiyo oili usiku kimya kimya. Mpaka nikajitolea kukushikia tochi."

Nilitamani ardhi ya Blanton inimeze, lakini ni mwamba mtupu pale.

Garland akafika kwa miguu kutoka nyuma. Hakucheka. Nilimsubiri acheke, ingekuwa nafuu. Wakamfungua Shangazi kwenye ndoano, akasimama kwenye mguu wake wa mbele na magogo yake. Garland akaleta pikapu yake, akamfunga Jenerali kamba, akamvuta kando ya barabara kama mbuzi mgonjwa. Kisha Nadine akanyoosha mkono.

"Gar, funguo."

Garland akasema usijali dada, naendesha mimi.

"Nimeomba funguo. Sijaomba dereva."

Garland akauliza, na yeye je? Nadine akasema mtu hawezi kuacha gari mlimani bila mtu, na Royce hawezi kuachwa mlimani bila mtu. Akapanda. Akarudi nyuma na lile dude la Garland, akaliingiza chini ya ndoano mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Mimi huwa nahitaji watu wawili wa kunielekeza na maombi. Akahamisha nyama. Akabonyeza kitufe. Injini ikanguruma kwa nguvu mlima mzima, na wala hakuna aliyedhani gari linateseka. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Tulisimama, mimi na Garland, tukamtazama mpaka akakata kona ya juu.

Baadaye akapiga simu. Amefika. Wamekagua. Amepangiwa sehemu yenye kivuli.

Tukakaa kwenye mlango wa nyuma wa Jenerali kusubiri gari la kukokota. Garland akatoa kipande cha pai ya njugu za pekani mfukoni, akakikata nusu, akanipa ile kubwa. Akasema, "Ila lile tone la Jumatano, shemeji, lilikuwa tone zuri." Nikasema ahsante. Tukala.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kettle Ridge. Nimefika kwa lifti, nimechelewa. Nadine alikuwa amekesha na moto, macho mekundu, uso una masizi, mrembo kupita siku ya harusi yetu. Nikamuuliza nisaidie nini. Akanipa ndoo ya majivu. Nimebeba majivu siku nzima na sikulalamika, isipokuwa mara chache.

Wa pili! Kidari chake kimekuwa cha pili! Majaji walirudi kuongeza. Nililia hadharani, Garland akanipa leso yake, ina madoa mekundu ya oili. Jamaa mmoja wa jiko la jirani akamuuliza Nadine ni nani aliyeipandisha mashine nzito vile Mlima Blanton.

Nadine akajibu, "Mimi."

Alivyolisema! Nilikuwa nyuma yake na ndoo. Kiti changu kimekwenda, nimekiona kikienda, na bado nilitaka kupiga makofi.

Jumatano, 21 Oktoba

Jenerali karudi kutoka kwa fundi. Gia boksi imefunguliwa yote, sahani zote mpya, oili yote mpya. Fundi alinionesha zile za zamani, nyeusi, zimeungua, zinavunjika kwa kucha. Nikamuuliza kama zinaweza kuwa ziliungua kwa sababu ya oili mbovu ya dukani. Fundi akaenda kunywa maji.

Masharti ya fundi, ameyasema mara mbili, mara ya pili akimtazama Nadine: mwezi mzima wa mwanzo hakuna kuvuta mzigo, aizoee njia taratibu. Oili ibadilishwe kwa wakati wake. Stika nimeambiwa niitoe. Nimeitoa.

Na Nadine kasema hivi, tukiwa njiani, yeye anaendesha. Mashindano ya masika yanakuja. Gia hii ikifika masika ikiwa hai, kiti ni changu, nitamvuta Shangazi na yeye atakaa pembeni yangu. Ikifa, atamvuta yeye mpaka uzeeni, na mimi nitabeba majivu. Akanishika mkono aliposema hivyo. Akasema, "Nataka uwe wewe. Bado nataka. Usiiguse tu."

Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote. Mwanamke kama huyu unamwahidi chochote.

Ijumaa, 23 Oktoba

Jenerali ni mwingine kabisa! Nimeenda naye posta na kurudi. Gia zinaingia huzisikii, unajua tu kwamba maisha yamekuwa mepesi. Tone lake kwenye karatasi ni jekundu na ni la kweli. Nimelibandika kwenye friji.

Mgahawani nimewaonesha wote. Wazee wamekubali. Ila jirani yangu Mzee Hollis kasema rangi ni rangi, nguvu ni nguvu, gari la kwenda posta hata bibi analo. Ana kisiki cha mti wa mesquite nyuma ya nyumba, trekta mbili zimeshindwa kukitoa. Kasema hakuna pikapu ya otomatiki duniani inayoweza kukigusa. Garland akasema, "Usimjibu, shemeji. Kula mayai yako."

Sikumjibu. Nilisema tu kwamba kesho asubuhi Nadine atakuwa saluni.

Fundi alikataza mzigo, na mimi ni mtu wa kutimiza ahadi. Lakini nimelifikiria hili kwa makini jioni nzima. Mzigo ni kitu unachokivuta kinakuja. Kisiki hakiji popote, kimekaa tu. Sasa hapo mzigo uko wapi?